Kula Wanga Kidogo Uzeeni Msimu wa Moshi Ukifika: Mwongozo kwa Wakazi wa Kampala

Kila Juni na kila Desemba, wazee wa Kampala wanaoanza kupunguza wanga huuliza maswali yaleyale: nile nini badala ya posho (ugali), nitembee saa ngapi ilhali nje kumejaa moshi, na kwa nini sukari yangu imepanda wakati matoke nimeyaacha? Swali la tatu ndilo linalowachanganya wengi, na mara nyingi jibu lake haliko kwenye sahani. Mtu aliyezoea kutembea kila asubuhi huacha kutembea kwa sababu ya kikohozi, na jikoni kwake huanza kukaanga na kuchoma nyama na samaki kuliko zamani, juu ya makaa, hata akawa anavuta ndani ya nyumba moshi uleule anaoukimbia barabarani. Kwa hiyo mwongozo huu unashughulikia chakula, jiko na mwendo kwa pamoja, na umeandikwa kwa ajili yako uliyefikisha miaka 60 au zaidi, pamoja na yeyote anayekupikia.

Kampala ina vipindi viwili vya ukavu, Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari. Mvua zinapokoma, vumbi la barabara za murramu, moshi wa magari na bodaboda, wa makaa na wa takataka zinazochomwa hubaki hewani bila kuoshwa, na juu yake huongezeka moshi wa nyika na mashamba yanayochomwa mbali, ukiletwa na upepo kutoka kaskazini mwishoni mwa mwaka na kutoka kusini katikati ya mwaka. Chembe za kuhofiwa zaidi ni zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, zinazoitwa PM2.5, kwa sababu hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, nyingine zikaingia kwenye damu na kuulemea moyo na mishipa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Siku nyingi za ukavu Kampala huvuka kiwango hicho. Nadharia itoshe hapo. Ikiwa unaishi Nairobi, Kigali au Bujumbura, hatua ni hizihizi, ila miezi uilinganishe na majira ya kwenu.

Nani aende kliniki kabla ya kugusa sahani yake

Kupunguza wanga ni jambo lenye nguvu mwilini, na dawa ulizopangiwa zilipangwa kwa kufuata chakula ulichokuwa unakula. Usianze bila kuzungumza na daktari ikiwa una mojawapo ya mambo haya:

- Unatumia insulini, au vidonge vya kundi la glibenklamidi, gliklazidi au glimepiridi. Dawa hizi huendelea kushusha sukari hata kama hukula wanga, na mzee anaweza kuanguka usiku kwa sukari kushuka. Glibenklamidi ndiyo ya kuogopwa zaidi kwa wazee kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu.
- Unatumia dapagliflozini au empagliflozini. Dawa hizi zikikutana na mlo wenye wanga kidogo mno, au na siku za kutokula kabisa, zinaweza kusababisha asidi kujaa kwenye damu hata kama kipimo cha sukari kinaonyesha namba ya kawaida.
- Unatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mchicha, sukuma wiki na majani mengine ya kijani kibichi yana vitamini K nyingi, na ukiyaongeza ghafla dawa hupungua nguvu. Hukatazwi majani, unatakiwa kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, na kupimwa damu mapema baada ya kubadilisha mlo.
- Figo zako zina tatizo, una jongo, au umekonda bila kujua sababu. Mgonjwa wa figo hapaswi kujiongezea protini wala potasiamu kwa kufuata mwongozo wowote, ukiwemo huu.

Anayetumia metformini peke yake ana hatari ndogo ya sukari kushuka, lakini naye amweleze daktari. Dawa za presha, hasa zile za kukojoza maji, huenda zikahitaji kupunguzwa, kwa kuwa wiki za kwanza za kupunguza wanga mwili hutoa maji na chumvi kwa wingi.

Vitu vya kuwa navyo

Si lazima ununue kila kitu kwa siku moja. Cha lazima ni kipimo cha sukari chenye vijiti visivyopita muda wake (ikiwa una kisukari), kipimo cha presha cha mkono, mzani, na daftari. Kisha tafuta barakoa za N95, KN95 au FFP2, jiko la gesi au la umeme, sufuria yenye mfuniko unaofunga vizuri, na simu yenye programu ya AirQo. AirQo ni mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere ulioanza mwaka 2015. Una vipimo vya hewa sehemu nyingi za jiji, na programu yake hutumika bila malipo. Simu yako ikiwa ni ya kubonyeza, mjukuu au jirani akusomee namba kila siku kabla ya saa saba mchana.

Kwenye kipimo cha sukari, angalia kizio kabla ya jambo jingine lolote. Kuna vinavyosoma kwa mmol/L na vingine kwa mg/dL, na 7 ya kipimo kimoja ni sawa na 126 ya kingine. Wazee wawili wakilinganisha namba bila kutazama kizio, mmoja atarudi nyumbani na hofu ya bure.

Hatua kwa hatua

Hatua ya 1: Anza mvua zingali zinanyesha.

Chagua Mei au Novemba. Wiki tatu au nne za mwanzo ndizo za uchovu, za kizunguzungu na za kurekebishiwa dawa, nawe unataka zipite hewa ikiwa bado safi na miguu ikiwa bado inatoka nje. Anayeanza katikati ya Januari, kifua kikiwa tayari kinawasha, hashindwi kubadilisha mlo, lakini hataweza kujua uchovu alionao umetokana na chakula au na hewa. Usianze pia ndani ya Ramadhani, ambayo miaka hii inaingia Februari na kurudi nyuma kuelekea Januari: saa za dawa na za chakula zimeshabadilika, na badiliko jingine juu yake ni kujitafutia matatizo.

Hatua ya 2: Andika hali yako ya mwanzo.

Kwa siku saba, kabla ya kubadilisha chochote, andika sukari ya asubuhi kabla ya kula, sukari ya saa mbili baada ya mlo mkubwa, uzito mara moja, na presha mara mbili: kwanza ukiwa umekaa, kisha baada ya kusimama dakika moja hadi tatu. Presha ya kusimama ndiyo itakayokuonya kwamba dawa zimekuwa nyingi kabla hujaanguka bafuni. Daftari hili ndilo utakalompelekea daktari, pamoja na dawa zote zilizomo ndani ya nyumba, hata zile za mitishamba.

Hatua ya 3: Badilisha jiko kabla ya kubadilisha chakula.

Wengi hawaipendi hatua hii kwa kuwa inagharimu pesa, lakini mimi naiweka mbele ya zote. Sigiri, yaani jiko la makaa, inayowashwa barazani au kwenye korido kwa kipande cha mfuko wa plastiki hutoa moshi mbaya kuliko unaoukuta barabarani, na mtu wa karibu zaidi na moshi huo ni wewe au anayekupikia. Ukiweza, hamia kwenye gesi au kwenye sufuria ya presha ya umeme, ambayo huivisha maharage yaliyolowekwa kwa chini ya saa moja ikiwa imefungwa kabisa. Usipoweza, basi sigiri iwashwe nje, upande ambao upepo hauingizi moshi ndani, kwa vijiti vikavu au karatasi, na isogezwe kwenye mapishi baada ya makaa kushika na kuacha kufuka.

Onyo: usiingize sigiri ndani ya chumba kilichofungwa, hata makaa yakionekana meupe na hayana moshi. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Ukifunga madirisha kwa ajili ya moshi wa nje, ndani pasiwe na moto wa makaa wala wa kuni.

Hatua ya 4: Punguza wanga kwa awamu, usiukate.

Lengo la mwongozo huu ni mlo wenye wanga wa takriban gramu 100 hadi 130 kwa siku. Kuna milo mikali zaidi, ya chini ya gramu 50, lakini sipendekezi mzee aianze peke yake nyumbani.

Wiki ya kwanza, shughulikia vinywaji pekee. Soda ya chupa ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 na ushei, na chai yenye vijiko vitatu, mara tatu kwa siku, ni zaidi ya hapo. Toa kijiko kimoja kila baada ya siku mbili, ulimi huzoea. Juisi ya matunda nayo uiache, hata iliyokamuliwa nyumbani, na badala yake ule tunda lenyewe.

Wiki ya pili, nenda kwenye sahani. Sahani ya hoteli za mjini Kampala huja na matoke, posho, wali, viazi vitamu na kipande cha boga, vyote pamoja, kisha kibakuli cha mchuzi pembeni. Chagua kimoja tu kati ya hivyo. Kisha, wiki ya tatu, kipunguze hicho kimoja hadi kilingane na ngumi yako: kiasi hicho cha posho au matoke kina wanga wa gramu 40 hivi. Ngumi moja mchana na moja jioni, ukijumlisha maharage, maziwa na mboga za siku nzima, vitakuweka ndani ya lengo bila kupima kitu kwenye mzani. Chapati moja kubwa huchukua nafasi ya ngumi nzima na kuzidi kidogo, kwa hiyo rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) ya kando ya barabara haihesabiki kama mayai.

Anza kula mboga na samaki au nyama, na umalizie na wanga. Mpangilio huo peke yake hupunguza kasi ya sukari kupanda baada ya mlo, na haugharimu chochote.

Hatua ya 5: Jaza nafasi iliyoachwa wazi.

Hapa ndipo wazee wengi huharibikiwa. Wanaondoa posho, hawaongezi kitu, na baada ya miezi miwili wanasifiwa kwa kupungua uzito, kumbe kilichopungua ni nyama ya mapaja. Mzee mwenye figo nzima anahitaji protini ya gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72, zilizogawanywa katika milo yote badala ya kurundikwa jioni. Mayai mawili yana gramu 12 hivi. Kipande cha sato kilichoiva, chenye ukubwa wa kiganja na vidole, kina gramu 30 au zaidi. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15, kikombe cha maziwa 8, na konzi ya karanga 7. Dagaa ni rahisi kwa bei na unawala na mifupa yao, hivyo unapata na kalisiamu, lakini mwenye jongo awe mwangalifu nao.

Mboga zijaze nusu ya sahani: mchicha, sukuma wiki, kunde, bamia, bilinganya, nyanya chungu, kabichi. Parachichi nusu hushibisha na lina nyuzinyuzi nyingi kuliko wanga unaogeuka kuwa sukari. Mchuzi wa karanga unafaa, mradi muuzaji hakuongeza unga wala sukari kwenye karanga alizosaga. Onja kabla ya kununua.

Hatua ya 6: Pika kwa maji na mvuke.

Mlo wa wanga kidogo huwavuta watu kwenye kukaanga na kuchoma, kwa sababu nyama choma haina wanga na mafuta hayahesabiwi. Mafuta yaliyochemka hadi kufuka, na mafuta ya nyama yanayodondokea makaa, hutoa chembe zilezile za PM2.5 katika chumba kidogo kuliko jiji. Katika msimu wa moshi, kuchoma kuwe kwa sherehe, tena uwe mlaji uliyekaa mbali, na usiwe wewe unayegeuza nyama.

Waganda wana mapishi yanayofaa kabisa: luwombo. Chukua jani la mgomba lisilochanika, lipitishe juu ya moto mdogo wa gesi mpaka lilainike na ling'ae, kisha upunguze unene wa uti wake wa kati kwa kisu ili likunjike bila kupasuka. Litandike ndani ya bakuli, weka sato wa kutoka Ggaba aliyekatwa vipande, nyanya, kitunguu, nyanya chungu mbili na vijiko vitatu vya karanga zilizosagwa zilizokorogwa kwa maji kidogo. Kusanya kingo za jani, zifunge kwa ukamba wa mgomba, na ukalishe fungu hilo juu ya vibua vya mgomba vilivyotandikwa ndani ya sufuria, maji yakiwa chini yake. Funika. Samaki huiva kwa dakika 40 hivi, kuku huhitaji zaidi ya saa moja. Harufu hubaki ndani ya jani, na ukutani hapabaki masizi.

Hatua ya 7: Soma hewa kabla ya kutoka.

Fungua AirQo na utazame kituo kilicho karibu nawe, kwa kuwa Kololo juu ya kilima na Bwaise bondeni hazina hewa moja saa ileile. Tazama namba ya PM2.5. Ikiwa haizidi 35, toka kama kawaida, ila mwenye pumu au moyo dhaifu asikilize mwili wake. Kati ya 35 na 55, fupisha matembezi na uvae barakoa ukiwa karibu na barabara. Ikipita 55, mazoezi yafanyike ndani.

Saa nazo zina maana. Usiku na alfajiri hewa baridi hukaa chini na kuufunga moshi karibu na ardhi, ndiyo maana vipimo hupanda kuanzia alfajiri hadi saa tatu asubuhi, na tena baada ya jua kuzama. Hewa huwa nafuu zaidi kati ya saa saba na saa kumi mchana, jua likishaipasha ardhi joto na upepo ukaanza kuvuma. Najua wazee wengi hupenda kutembea mara tu baada ya sala ya alfajiri, na ni desturi nzuri wakati wa mvua; wakati wa ukavu, saa hiyo ni miongoni mwa zile mbaya kabisa. Hamishia matembezi baada ya chakula cha mchana, kivulini, ukiwa na kofia na maji.

Barakoa ya kitambaa na leso ya mdomoni hazizuii chembe hizi. Ile ya N95 nayo haizuii kitu ikiwa inavuja: ivae, bana waya wa puani, kisha pumua kwa nguvu ukiwa umeweka viganja pembeni. Ukihisi pumzi inatoka juu karibu na macho, irekebishe. Kwa mzee mwenye ndevu nyingi, barakoa haishiki usoni, na hilo ni la yeye kuamua. Mwenye ugonjwa mzito wa mapafu au wa moyo amuulize daktari kwanza, kwa kuwa kupumua ndani ya barakoa kunahitaji nguvu.

Hatua ya 8: Tengeneza chumba kimoja safi.

Huwezi kuisafisha nyumba nzima, lakini chumba cha kulala unaweza. Ziba nafasi chini ya mlango kwa kitambaa, funga madirisha jioni na asubuhi, yafungue mchana namba ikiwa chini. Piga deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kwa ufagio mkavu. Kisha ondoa moshi tunaouleta wenyewe: dawa ya mbu ya kuzunguka inayowashwa usiku kucha, udi na ubani. Chandarua hufanya kazi ya dawa ya mbu bila moshi hata kidogo. Kuhusu udi nitasema tu kwamba ufukizwe sebuleni, mchana, madirisha yakiwa wazi na wewe ukiwa umekaa kwingine. Ukiwa na uwezo wa kununua mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA, iweke chumba hicho, na usinunue inayojisifu kwa kutoa ozoni, kwani ozoni yenyewe inaumiza mapafu.

Hatua ya 9: Linda misuli ndani ya nyumba.

Egemeza kiti imara ukutani. Kaa, kunja mikono kifuani, simama bila kujishika, kaa tena polepole. Fanya mara nane, pumzika, rudia mara mbili. Ukishindwa bila mikono, shika meza mpaka miguu ipate nguvu. Kisha simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani na ujisukume mara kumi. Baada ya kila mlo, tembea ndani, korido kwenda na kurudi, kwa dakika kumi. Misuli inayotembea huchukua sukari kutoka kwenye damu, na ndiyo kazi iliyokuwa ikifanywa na matembezi yako ya asubuhi. Mazoezi ya kiti yafanye siku tatu kwa wiki hata wakati wa mvua.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kufuta chakula cha jioni kabisa ukiwa umekwisha kunywa kidonge cha sukari. La pili ni kuongeza chumvi kwa sababu mtu kasema mlo huu hupoteza chumvi. Mwenye presha asiongeze kabla ya kupima na kuuliza. La tatu ni kuhesabu mihogo, magimbi na viazi vitamu kama mboga kwa sababu vimetoka shambani: hivyo ni wanga, na vinaingia kwenye ngumi ileile. La nne ni unga wa kahawia: posho ya dona na chapati ya ngano isiyokobolewa zina nyuzinyuzi zaidi, lakini wanga wake haukupungua sana. Na wapo wanaopunguza maji ya kunywa ili wasiamke usiku kwenda haja. Katika hewa kavu yenye vumbi, makohozi huwa mazito na damu ya kichwani hupungua ukisimama. Kunywa zaidi mchana na upunguze baada ya magharibi, isipokuwa daktari wa moyo au figo amekuwekea kikomo.

Mambo yakienda kombo

Sukari imepanda ilhali hukula vibaya. Nawa mikono kwa sabuni, kausha, pima tena kwa kijiti kipya, kwani mabaki ya embe kidoleni hutosha kukutisha. Angalia pia kama kopo la vijiti liliachwa wazi, maana unyevu huviharibu. Ikiwa namba ni ileile, jiulize mambo mawili: je, wiki hii umetembea, na je, una homa, kikohozi kipya au mkojo unaochoma? Maambukizi hupandisha sukari kuliko sahani ya wali. Ikibaki juu ya 15 mmol/L licha ya dawa, nenda kliniki.

Unatetemeka, unatoka jasho jembamba, au umechanganyikiwa. Pima. Ikiwa ni chini ya 3.9 mmol/L, yaani 70 mg/dL, kunywa papo hapo maji yenye vijiko vitatu vilivyojaa vya sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Pima tena baada ya dakika 15, rudia ikiwa bado iko chini, kisha kula chakula. Huu si wakati wa kuogopa wanga. Kama huwezi kupima, kunywa tu. Mgonjwa aliyezimia asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali. Ukipona, mjulishe daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa dozi imezidi.

Kizunguzungu unaposimama. Pima presha ukiwa umekaa na umesimama. Ikishuka kwa 20 au zaidi kwenye namba ya juu, dawa za presha zipitiwe upya. Wakati huo inuka kwa awamu: kaa ukingoni mwa kitanda, hesabu pumzi kumi, ndipo usimame.

Choo kigumu. Umeondoa wanga bila kuongeza mboga na maji. Ongeza bamia, maharage na parachichi, na utembee.

Uzito unashuka zaidi ya kilo mbili kwa mwezi bila wewe kukusudia, au nguo zinalegea mapajani. Rudisha ngumi moja ya wanga kwa siku, ongeza yai na maziwa, na upime miguu kwa zoezi la kiti. Ukiendelea kukonda, chunguzwa kifua kikuu na mengineyo. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kisisingiziwe moshi.

Harusini na msibani, ambako sahani imepakuliwa na mtu mwingine. Omba upakuliwe mchuzi kwanza, kula nyama na mboga, na uache kilichobaki kwa adabu. Kuzusha mjadala wa lishe mbele ya wenyeji si lazima. Mlo mmoja hauharibu mwezi.

Umeme umekatika siku ambayo namba imepita 55. Pika kwa gesi, au kula kisichohitaji moto: mayai yaliyochemshwa jana, parachichi, nyanya, karanga, maziwa ya mtindi yasiyo na sukari. Weka akiba ya vitu hivi kuanzia mwanzo wa msimu.

Nenda hospitali mara moja, saa yoyote, ukipata maumivu au kubanwa kifua, pumzi inayokata ukiwa umekaa, midomo kuwa ya bluu, uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea ghafla, au kutapika mfululizo ukiwa unatumia insulini, dapagliflozini au empagliflozini. Katika hali hiyo ya mwisho mwambie daktari jina la dawa na kwamba umepunguza wanga, hata kama kipimo cha sukari kimeonyesha namba nzuri, ili apime ketoni, yaani zile asidi zinazojaa mwilini, kwenye damu au mkojo.